Aliyekataa Ngoma na Aliyeiingiza Msikitini

Mwaka 1930 wasomaji wa mji wa Mombasa walianza kupata karatasi iitwayo Sahifa. Ilikuwa ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, fupi, nyepesi kusomwa barazani baada ya sala, na mwandishi wake aliwakosoa wenyeji karibu katika kila walichokipenda: arusi za fahari, vyakula vya matanga, mashindano ya ngoma, kutaka haja makaburini, na ile tabia ya vijana ya kuiga kofia na suruali za Wazungu huku elimu ya Wazungu wakiiacha palepale ilipo. Mwaka 1932 ilifuata Al-Islah, gazeti lililotumia Kiswahili na Kiarabu, likadumu mwaka mmoja hivi. Mwaka 1944 makala zilizochaguliwa zikakusanywa katika kitabu kiitwacho Uwongozi. Mwandishi alikuwa Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa Januari 1891, na alipoanza kazi hii alikuwa amekaribia miaka arobaini. Hakuwa mgeni aliyekuja kuwadharau watu wa mji. Alikuwa mtoto wa mji, wa ukoo uliowahi kuutawala, na aliyoyashambulia yalikuwa yakifanyika nyumbani kwa jamaa zake.

Siku hizi ni rahisi kumsoma al-Amin kama shujaa aliyewatangulia wenzake, na waliompinga kama watu waliofungwa macho na mazoea. Usomaji huo hautoshi, kwa sababu unashindwa kueleza jambo moja lililo wazi. Baadhi ya maoni yake yamekuwa ya kawaida mno hata hakuna anayekumbuka kwamba yaliwahi kubishaniwa. Mengine, baada ya karibu karne nzima, bado yanamfanya anayeyasema kwenye baraza atazamwe kwa jicho la upande. Mtu ni yuleyule, kalamu ni ileile, Qurani na hadithi alizozitolea ushahidi ni zilezile, na wasomaji ni walewale. Kama uzito wa hoja ndio ungekuwa unaamua, basi yote yangeshinda pamoja au yangeshindwa pamoja. Nadhani kilichoamua ni kingine. Maoni yanayopingana na desturi hupata wafuasi pale yanapompa mtu mahali pa kusimama kabla ya kumwondoa alipo. Ushahidi wangu ni al-Amin mwenyewe, na pembeni yake mtu mwingine wa pwani hiyohiyo ambaye naye alisema na kutenda yaliyochukiza, akashinda: Habib Saleh wa Lamu.

Kwanza ukoo. Wamazrui waliitawala Mombasa karibu karne nzima hadi 1837, Sayyid Said alipouteka mji na wakubwa wao wakapelekwa kifungoni Bandar Abbas. Waliobaki walitawanyika Takaungu na Gasi, na mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid wa Gasi akapigana na Waingereza mpaka akalazimika kuvuka mpaka na kuingia katika himaya ya Wajerumani. Babake al-Amin, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyethubutu kuijadili kwa maandishi itikadi ya Kiibadhi, madhehebu ya wafalme wa Unguja. Sayyid Barghash akamfunga, na Sheikh hakutoka gerezani mpaka Barghash alipofariki mwaka 1888 na Sayyid Khalifa kushika kiti. Sheikh Ali akafa 1894, mwanawe akiwa mtoto mdogo. Al-Amin akalelewa na kusomeshwa na jamaa yake, Sheikh Sulayman bin Ali, kisha akaenda Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumeit na Sheikh Abdallah Bakathir, walimu wawili ambao karibu kila mwanachuoni wa pwani wa zama zile alipita mikononi mwao. Kutoka Cairo al-Amin alipata jarida la Al-Manar la Rashid Rida, na humo akakuta fikra za Muhammad Abduh na Jamal al-Din al-Afghani: kwamba udhaifu wa Waislamu mbele ya Ulaya ni matokeo ya yale waliyoyaacha na yale waliyoyazua, na kwamba dawa ni kurudi kwenye asili ya dini na kuikumbatia elimu kwa pamoja.

Fikra hizo ziliangukia kwenye mji uliokuwa ukipoteza mengi kwa wakati mmoja. Bendera ya Sultani wa Unguja ilikuwa bado ikipepea kwenye Ngome, na kwa jina ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa wake, lakini amri ilikuwa ya Mwingereza. Mwaka 1907 utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya, wenye mashamba walibaki na ardhi isiyokuwa na wa kuilima. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi, na viwanja vikaanza kutoka mikononi mwa wenyeji kimoja baada ya kingine. Bandari ya Kilindini ikawavuta vibarua kutoka bara na ikaiacha nyuma bandari ya majahazi. Juu ya yote hayo serikali iligawa watu kwa makaratasi. Aliyeandikwa Mwarabu alikuwa na haki ambazo aliyeandikwa mwenyeji hakuwa nazo, katika kodi, katika kura na shuleni. Watu wa Thenashara Taifa, Waswahili waliokaa Mombasa kabla ya wote wanaotajwa hapa, walijikuta wakilazimika kuthibitisha wao ni nani. Mwaka 1921 Waarabu walianzisha chama chao cha pwani. Waswahili wa Thenashara Taifa, waliokataliwa humo, wakaunda chao mwaka 1927. Kwa maneno mengine, jina la mtu na daraja yake, mambo yaliyokuwa yakijulikana mtaani bila kuulizwa, sasa yalikuwa yakiamuliwa na karani.

Ni katika mji huo ambamo fedha zilikuwa zikiteketea kwenye ngoma na karamu. Beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi kwa tarumbeta, sare na vyeo vya kubuni, ilizaliwa Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, kisha ikafuata askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hadi Nyasaland na Northern Rhodesia. Mombasa ilikuwa na vyama viwili hasimu, Kingi na Scotchi, na kila kimoja kilijitahidi kumfedhehesha mwenzake kwa maandamano, mavazi, ng'ombe waliochinjwa na wageni walioalikwa. Wanawake walikuwa na lelemama, nayo ikiwa na vyama vyake, viongozi wake wenye vyeo, na mashindano yasiyopungua ya wanaume. Baadaye majina kama Ibinaal Watan na Banu Saada yakawa maarufu. Arusi nayo ilikuwa na siku zake nyingi, na vugo lake la wanawake waliopita mitaani wakigonga pembe za nyati na kuimba. Msiba ulikuwa na matanga, hitima na arobaini. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975, na Margaret Strobel akafuata mwaka 1979 na kitabu juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa. Wote wawili waliona kwamba ngoma hizi zilikuwa na mpango wake, na gharama zake zilikuwa na hesabu yake.

Al-Amin naye alikuwa na hesabu, tena nzito. Mtu aliyeuza shamba ili aoze binti kwa fahari, mwaka unaofuata ana mkwe lakini hana shamba. Aliyekopa kwa mfanyabiashara wa Kihindi kwa ajili ya ngoma, amemtajirisha mfanyabiashara na kuchekwa na mahasimu wakati huohuo. Kuhusu matanga, hoja ya kifiqhi ni ya zamani na haina ubishi mkubwa: chakula cha msiba kikipikwa kwa mali ya marehemu naye ameacha mayatima, wanaokula wanakula haki ya yatima, na sunna ni majirani kuwapelekea chakula wafiwa, wala si wafiwa kuwalisha mtaa. Kwa kipimo cha sheria na cha akili ya nyumbani, Sheikh alikuwa na haki katika mengi ya hayo. Sidhani hata wapishi wa pilau la hitima walikuwa na jibu la kitabuni la kumrudishia.

Tatizo ni kwamba hesabu yake ilikuwa na safu moja tu, ile ya matumizi. Safu ya mapato hakuiandika, na ndiyo wenzake waliyokuwa wakiisoma. Aliyetoa katika arusi ya jirani alikuwa akiweka. Siku yake ikifika, angetunzwa kwa kadiri alivyotunza. Aliyejitenga na michango hiyo kwa kuwa amesoma Sahifa na kusadiki, alikuwa amevunja ahadi ambazo hazikuandikwa popote lakini zilikuwa zikiweka watu hai katika mji usiokuwa na pensheni wala bima. Lelemama ilikuwa na zaidi ya hapo. Strobel alionyesha jinsi vyama hivyo vilivyowakutanisha wanawake wa kiungwana na wanawake waliotokana na watumwa, na jinsi mwanamke asiye na nasaba ya kujivunia alivyoweza kupata cheo, wafuasi na sauti. Mwanamke kama huyo, karani wa serikali hakumpa kitu, ukoo haukumpa kitu, na msikitini hakuwa na nafasi. Chama cha ngoma kilimpa. Kumwambia aache ngoma kwa kuwa ni ubadhirifu kulikuwa ni kumwambia aache mahali pekee mjini ambapo jina lake lilitajwa kwa heshima. Hoja ya ubadhirifu ni ya kweli. Lakini aliyeambiwa aliielewa vizuri, akaona kwamba anayesema amemhesabia gharama bila kumhesabia faida, na ndiyo maana akaendelea kucheza.

Hapa tuvuke kwenda Lamu, na turudi nyuma kidogo. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 alihamia huko kijana sharifu kutoka Ngazija, Saleh bin Alawi wa ukoo wa Jamal al-Layl, ambaye watu walikuja kumwita Habib Saleh. Lamu ilikuwa mji wa daraja. Waungwana walikaa katika nyumba za mawe upande wa kaskazini, na elimu ya dini ilikuwa miongoni mwa alama zao kama zilivyokuwa milango ya nakshi. Habib Saleh alikwenda upande wa pili, Langoni, kwa watu wa makuti, wahamiaji na waliokuwa watumwa, akaketi nao, akawatibu, akaanza kuwasomesha. Kusomesha watoto wa watumwa kulikuwa maoni yasiyopendwa kuliko chochote alichowahi kuandika al-Amin, maana kulisema kwa vitendo kwamba dini haina mlango wa waungwana. Kisha akaongeza jingine. Akaleta maulidi yaliyotungwa na Ali al-Habshi wa Seiyun, Hadramaut, ambayo husomwa kwa matari na watu wakitikisika kwa pamoja, na yakasomwa ndani ya msikiti. Waungwana walikuwa na maulidi yao, ya kukaa kwa adabu na kusikiliza. Matari msikitini yaliwakirihi.

Mwanaanthropolojia Abdul Hamid el-Zein, aliyekaa Lamu na kuandika juu ya mambo haya mwaka 1974, ameonyesha kwamba ugomvi juu ya matari haukuwa wa matari peke yake. Ngoma ilikuwa ya watumwa, msikiti ulikuwa wa waungwana, na Habib Saleh aliviunganisha. Kilichokuwa alama ya udhalili wa watu wa Langoni kilipanda hadhi kikawa ibada. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa nje kidogo ya mji wa zamani, ukawa chuo kilichovuta wanafunzi kutoka pwani yote, na maulidi yake ya Mfungo Sita yakawa sikukuu kubwa ya Lamu. Alipofariki mwaka 1935, mtu aliyeanza kwa kuchukiza mji alikuwa ndiye fahari ya mji. Wajukuu wa waliomkataa huenda leo kwenye ziara yake, na wageni huja kwa majahazi na ndege.

Kwa hiyo pwani ile ndogo, katika kizazi kimoja na nusu, ilikuwa na watu wawili waliosema kinyume cha wengi juu ya jambo lilelile: ngoma na dini vikutane wapi. Mmoja aliingiza ngoma msikitini, mwingine akataka ngoma itoke hata mitaani. Wote wawili walikuwa wacha Mungu, wote walikuwa na silsila ya walimu isiyotiliwa shaka, na wote walijali watu wa kawaida. Al-Amin asingeandika kwa Kiswahili kama hakuwajali. Wanaomfuata al-Amin walikuja kuyahesabu matari ya Riyadha kuwa bidaa, na kwa vigezo vyao wana hoja. Lakini Habib Saleh alikuwa amempokea mtu wa Langoni pamoja na ngoma yake mkononi, akampa msikiti. Al-Amin alimtaka mtu wa Mombasa aiweke ngoma chini kwanza, na baada ya hapo kulikuwa na makala ya kusoma.

Kuna atakayesema kwamba nawalinganisha watu wasiolingana, na kwamba al-Amin hakuwa mnyonge wa maoni hata kidogo. Alikuwa Kadhi wa Mombasa tangu 1932, na kutoka 1937 hadi alipofariki Aprili 1947 alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mtu mwenye cheo kama hicho anawezaje kuitwa mwenye maoni ya wachache? Pingamizi hili lina nguvu, ila linachanganya mamlaka na ushawishi. Mahakama ya kadhi ilikuwa na uwezo juu ya nikaha, talaka na mirathi. Haikuwa na uwezo juu ya idadi ya masinia katika arusi wala juu ya nani avae sare ya Scotchi. Zaidi ya hayo, cheo kilitoka kwa serikali ya Mwingereza, na mji uliokwisha kupokonywa amri zake haukuwa na hamu ya kusikia kutoka kwa mwajiriwa wa serikali, hata akiwa Mmazrui, kwamba umasikini wake umetokana na karamu. Cheo kilimlinda asifungwe kama babake alivyofungwa. Kumpatia wafuasi hakikuweza.

Pingamizi la pili ni kwamba al-Amin hakushindwa, bali ushindi wake ulichelewa. Wanafunzi wake walishika nafasi kubwa: Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alikuwa Kadhi Mkuu baada ya uhuru na baadaye akatoa gazeti la Sauti ya Haki, na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, kutoka Unguja, akamfuata katika kiti hicho mwishoni mwa miaka ya 1960. Baada yao wakaja vijana waliosoma katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichofunguliwa 1961, na mawaidha dhidi ya maulidi na hitima yakazagaa mijini. Hayo ni kweli. Ila tuangalie vizuri walioyapokea walipewa nini. Wengi walikuwa vijana waliopata masomo ya ng'ambo, madrasa mpya, misikiti mipya na mtandao wa kusaidiana uliowawezesha kutotegemea tena michango ya mtaa na baraka za masharifu. Walikuwa na mahali pengine pa kusimama. Ambaye hakupata mahali hapo aliendelea kusoma hitima ya jamaa yake, na anaendelea. Ushahidi huu, badala ya kuidhoofisha hoja yangu, unaithibitisha kutoka upande mwingine.

Tazama pia jinsi ngoma zenyewe zilivyokufa. Beni haikuuawa na Sahifa wala Al-Islah. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulikausha mifuko, kisha vijana wakapata dansi na vilabu vya mpira, na hamu ya kuvaa sare za bandia ikaisha. Lelemama iliishi zaidi, ikafifia baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati sinema za Kihindi, shule na vyama vya wanawake wa Kiislamu vilipoanza kuchukua nafasi. Jambo la kupendeza katika utafiti wa Strobel ni kwamba ujuzi wa kuendesha vyama hivyo vipya haukuanguka kutoka mbinguni: wanawake walikwisha kujifunza kwenye lelemama jinsi ya kuchangisha, kupanga, kugombea uongozi na kumshinda hasimu. Walihama na mtaji wao. Walichokuwa wakiombwa na Sheikh wakiache, walikiacha, lakini kwa wakati wao na kwa sababu zao, na kama wangemtii mwaka 1932 sijui vyama hivyo vingeendeshwa na nani.

Na sasa yale aliyoshinda. La kwanza ni Kiswahili. Wanavyuoni wa kizazi cha walimu wake waliandika kwa Kiarabu, kwa kuwa ndiyo lugha ya elimu na ndiyo iliyomtenga mwenye elimu na asiyekuwa nayo. Al-Amin alichagua lugha ya sokoni kuzungumzia fiqhi, siasa na historia, akatunga vitabu vya kufundishia dini kwa lugha hiyo, akaanza pia tafsiri ya Qurani. Chaguo hilo halikuwa la heshima kwa kila mtu. Katika miaka hiyohiyo Siti binti Saad wa Unguja, aliyerekodi santuri zake Bombay mwaka 1928, alikuwa akiimba taarabu kwa Kiswahili mbele ya watu waliozoea kwamba taarabu ya kweli ni ya Kiarabu. Wawili hawa wasingekubaliana juu ya jambo lolote jingine duniani. Lakini maoni haya ya al-Amin yalikuwa na upepo nyuma yake. Godfrey Dale, mmishonari wa Kianglikana, alikwisha kuchapisha tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1923, na Waahmadiya wakatoa yao mwaka 1953. Muislamu wa kawaida aliyetaka kujua kitabu chake kinasema nini alikuwa na kiu ambayo wengine walikwisha kuanza kuinywesha kwa maji yao. Aliyemletea dini kwa Kiswahili hakumpokonya kitu, na mwanachuoni aliyeandika kwa Kiswahili alipata wasomaji ambao Kiarabu kisingempa.

La pili ni shule, pamoja na shule za wasichana. Al-Amin alishikilia kwamba elimu ya dunia ni wajibu na kwamba mwanamke hakutolewa humo, wakati wazazi wengi wa Mombasa waliogopa kuwapeleka watoto kwenye madarasa yenye harufu ya Ukristo, na zaidi wakiwa mabinti. Shule ya serikali ya wavulana wa Kiarabu ilikuwapo tangu 1912 bila kuvuta watu wengi. Ya wasichana ikafunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na humo mafunzo ya dini yakawa sharti la imani ya wazazi. Kilichowashawishi hakikuwa makala peke yake. Mashamba yalikwisha kwenda, bandari na ofisi zilitaka anayejua kuandika, na kijana msomi akaanza kutafuta mke msomi. Kauli ya Sheikh kwamba dini inaruhusu, bali inaamuru, iliwafungulia mlango watu waliokuwa wamekwisha kusimama kizingitini. Bila kauli hiyo wangesitasita miaka mingi zaidi, jambo linalotosha kuonyesha kwamba siyakejeli maandishi yake. Bila kizingiti hicho, kauli ingebaki karatasini kama ile ya matanga.

Pingamizi la mwisho ndilo zito kuliko yote: kwamba nikisema hivi ninaishusha haki hadi kuwa faida, na kumwambia kila mwenye neno lisilopendwa anyamaze mpaka hali iwe tayari. Sivyo. Al-Amin alipoandika juu ya mali ya yatima, yatima alikuwapo, na chakula kilikuwa kikiliwa usiku uleule. Kungojea hali iwe tayari kungekuwa dhambi kwa mtu wa imani yake. Mwandishi hawajibiki kwa kushinda. Ninachokataa ni hadithi tunayojisimulia baadaye, kwamba walioshinda walikuwa na hoja bora na waliokataa walikuwa wajinga. Hadithi hiyo inamdhulumu mwanamke wa lelemama aliyekuwa na sababu zake, na inamdhulumu al-Amin pia, kwa kuwa inatulazimisha ama kusema hoja yake ya matanga ilikuwa dhaifu kwa kuwa haikufuatwa, ama kusema watu wa pwani hawana akili kwa kuwa hawakuifuata. Zote mbili si kweli. Habib Saleh mwenyewe hakushinda kwa kuwa alikuwa na dalili bora za kuingiza matari msikitini. Wabishi wake mpaka leo wanazo za kwao, na hawajajibiwa kwa namna itakayowaridhisha.

Mjadala huo haujafungwa. Farsy, aliyekuwa amekwisha kutoa tafsiri yake ya Qurani Takatifu mwaka 1969, alichapisha mwaka 1977 kitabu juu ya bidaa, akirejea mengi ambayo mwalimu wake aliyapigania tangu siku za Sahifa. Mwaka huo pia, kama kila mwaka, matari ya Riyadha yalipigwa katika Mfungo Sita. Kitabu kiligawanya wasomaji kama ilivyotarajiwa, wengine wakakisifu na wengine wakakilaani. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiswahili, na hilo halikumshtua mtu.